Komamanga Bila Kisu

Tuba alipiga magoti juu ya zulia langu, akapima kwa shibiri nafasi iliyokuwapo kati ya mto aliokalia binti yake na mto aliokalia yule kijana wa Tehran. Alipima polepole, kama fundi cherehani anayempimia bibi harusi mgumu wa kuridhika, na watu wote waliojaa sebuleni kwangu, wa filamu na wa mtaani, wakanyamaza kumngoja. Alipomaliza akauvuta nyuma mto wa kijana, na kijana mwenyewe juu yake. Kisha akainuka, akajipangusa magoti, akasema, "Haya. Sasa pendaneni."

Wengine walicheka wakiwa wameziba midomo. Mimi sikuziba wangu. Nyumba ni yangu.

Hapa Save, mji wa makomamanga wa Iran, kila mtu anaijua nyumba ya Esmat, ile yenye hodhi uani na mkomamanga ulioinamia ukuta wa jirani. Tangu nifiwe na mume wangu sijakubali ikae kimya hata alasiri moja. Birika langu halijui kupoa, na mlango wangu umesahau kazi ya komeo. Wanaonisema wanasema napenda umbea. Mimi nasema napenda watu, na umbea ni harufu yao. Nina sharti moja tu maishani: sitoki chumbani pale jambo linapotaka kutokea. Nimewahi kuacha wali ukaungua jikoni hadi ukoko ukawa makaa, kwa sababu sebuleni mtu alikuwa hajamaliza sentensi.

Kwa hiyo watu wa filamu walipokuja msimu wa makomamanga wakitafuta nyumba ya zamani, niliwakubalia kabla hawajamaliza chai. Mwongozaji wao alikuwa mwanamke kijana, Mahasti, mwenye macho yasiyopepesa na sauti ya chini inayokulazimisha usogee. Hiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza. Ilimhusu msichana anayeuacha utoto ndani ya msimu mmoja wa vuli, kwa sababu mpangaji wa jirani amekuja na mwanawe wa kiume. Mwana wa mpangaji wakamleta wenyewe kutoka Tehran, kijana aitwaye Kiarash, mrefu na mpole, mwanafunzi wa uigizaji. Msichana walimtafuta mji mzima, wakampata jikoni kwangu, akinichambulia mboga: Yekta, mtoto wa Tuba, mwenye miaka kumi na tisa na uso ambao hauwezi kuficha hata bei ya vitunguu.

Tuba ni rafiki yangu tangu tukiwa wasichana wa kupanda kuta. Alikubali, lakini kwa sharti. Kila siku atakaa kando ya kamera, na chochote ambacho jicho lake litakikataa kitafutwa, hakitaonekana na kiumbe. Mahasti aliapa mbele yangu. Nilimwona akimeza mate kabla ya kuapa, maana alikuwa anampa mama wa watu kisu na kumwonyesha shingo ya filamu yake.

Msimwone Tuba kuwa mkali bure. Mji wetu ni mdogo, na jina la binti ni glasi ya chai: kila mtu anaweza kuliangusha, na aliyeliangusha haokoti vipande. Isitoshe, mke wa mwoka mikate alikuwa ameleta posa kwa ajili ya mwanawe wa kwanza, akaambiwa asubiri jibu. Tangu filamu ianze, mama huyo alikuwa anakuja kwangu kila siku kuazima chumvi. Sijui familia ile ilikuwa inakausha kwa chumvi ngozi za ng'ombe wangapi.

Sheria ya filamu zetu kila mtu anaijua: mwanamume na mwanamke wasio maharimu hawagusani, hata wakiigiza mume na mke, hata nyumba ikiwaka moto. Mgeni atadhani basi mapenzi yamefukuzwa. Hayajafukuzwa. Yamezunguka nyuma, yakaingia kwa mlango wa jikoni. Sisi tuliokulia kwenye viti vya sinema tulijifunza mapema kusoma sahani. Msichana akimwekea mtu kitonge cha pili cha sukari bila kuulizwa, tuliguna ukumbi mzima. Kijana akiumega mkate na kumwachia mwenzake upande wenye ufuta mwingi, mashangazi walijipepea. Ukoko wa wali, ule mkavu wa rangi ya dhahabu, ukihamishwa kimya kutoka sahani hii kwenda ile, hapo hapakuhitajika tena muziki. Njaa ya kwanza ya ujana haijui jina lake yenyewe. Hujiita hamu ya chungwa, hamu ya aiskrimu, hamu ya chai kwenye nyumba ya watu. Sinema iliyonyimwa mikono ilibaki na midomo ya kula, nayo ikajifunza kusema kwa hiyo.

Mahasti aliyajua haya kuliko mimi. Onyesho lake kubwa, ambalo filamu nzima ilikuwa inalielekea, lilikuwa la usiku wa Yalda, ule mrefu kuliko yote wa mwaka, ingawa tulilipiga mchana na mapazia meusi madirishani. Vijana wawili wamebaki peke yao kwenye korsi, ile meza fupi yenye moto chini na mfarishi juu. Wakubwa wameingia ndani kusali. Mbele yao kuna bakuli moja la punje za komamanga. Wanakula. Basi, ndilo onyesho.

Tuba alilitazama bakuli, akatikisa kichwa. Kwanza mfarishi: miguu miwili ya huku na miwili ya kule chini ya mfarishi mmoja, nani atajua inafanya nini huko? Wakakubaliana Kiarash asijifunike, miguu ibaki nje. Halafu bakuli lenyewe. Mdomo wake mwembamba. Vidole vinne vikiingia humo vitakutana kama ndugu waliopoteana. Mahasti akaleta vijiko. Tuba akasema vijiko vitagongana. Mahasti akaleta mabakuli mawili. Wakajaribu, na Mungu anisamehe, walionekana kama wagonjwa wawili wanaongoja daktari.

Mahasti akaketi ukingoni mwa jukwaa la kamera akashika paji la uso. Alisema taratibu kwamba bila onyesho hilo hana filamu, ana wali mweupe usio na ukoko. Hakumlaumu mtu. Yekta naye alikuwa amekaa pale kwenye mto wake, anayatazama makucha yake, na mimi niliyemjua tangu akiwa na nepi niliona kwamba anakitaka kitu hiki kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na kwamba hatakiomba.

Hapo ndipo Tuba, kwa kutaka kusaidia, na labda kwa kutaka kuwahi nyumbani, akasema, "Si mumpe kijana komamanga zima? Alibonyeze bila kisu, kama tunavyofanya sisi. Likishakuwa maji ndani alitoboe, amsukumie juu ya mfarishi. Hakuna bakuli, hakuna kijiko, hakuna mkono kukutana na mkono."

Sote tuliitikia. Mke wa mwoka mikate, aliyekuwa bado ameshika kikombe chake kitupu cha chumvi, naye aliitikia. Akasema hilo ni jambo la heshima kabisa. Tumekunywa makomamanga namna hiyo tangu utotoni, tukiwa tumekaa juu ya kuta. Unalikandakanda kwa vidole gumba hadi kila punje ipasuke ndani na ganda libaki zima, unaling'ata kidogo, unanyonya. Ni kitu cha kawaida mno kwetu hata hatukioni tena, kama mtu asivyoiona pua yake. Nyumba iliyojaa wanawake wa Save, na hakuna hata mmoja aliyesikia kilichosemwa.

Mahasti alimtazama Tuba kwa muda. "Asante, mama," akasema, akainamisha kichwa. Yeye alikuwa amesikia.

Kiarash, mtoto wa lami na lifti, alilipasua komamanga la kwanza kama kijipu. Lilimrukia shati, likaruka hadi ukutani. Doa lile lipo mpaka leo. Fundi wa rangi alipokuja nilimwambia alizunguke. La pili likavuja. Basi kila mtu akawa mwalimu: huyu anamwambia azungushe, yule anamwambia asiliogope, mke wa mwoka mikate anamwambia asikilize, kwa sababu komamanga husema lenyewe likiiva kukandwa. Tuba ndiye aliyelichukua la tatu, akalianza kidogo mbele ya macho yake, akamrudishia. "Si kwa nguvu, baba," alimwambia. "Kwa subira. Ukilazimisha litakuaibisha mbele za watu."

Kamera ikawashwa.

Kulikuwa kimya, na katika kimya kile tulisikia. Fundi wa sauti alikuwa ameshusha kinasa sauti karibu na mikono ya kijana, lakini hata sisi tuliosimama mlangoni tulisikia: punje moja, halafu nyingine, halafu nyingi pamoja, zikipasuka gizani ndani ya ganda. Vidole gumba vya Kiarash vilikwenda na kurudi. Hakumtazama Yekta. Yekta alitazama vile vidole. Kila punje ilipopasuka, kope zake ziliinama kidogo, na hilo halikuwa limeandikwa popote.

Kisha Kiarash akaling'ata. Na hapa ndipo lilipo kosa letu sote, maana komamanga lililokandwa vizuri likitobolewa huruka. Aliyelitoboa hana budi kunywa kwanza. Alikunywa funda moja. Akaliweka juu ya mfarishi, tundu likiwa juu, lina unyevu, akalisukuma kwa ncha za vidole.

Iliandikwa kwamba Yekta akatae mara mbili. Mtoto yeyote wa nyumba ya adabu hukataa kwanza; kwetu mtu hukataa hata maji akiwa jangwani, ili ashurutishwe. Yekta hakukataa. Alinyoosha mkono akalipokea, akaliinua kwa mikono yote miwili, akaweka mdomo wake palepale ulipokuwa mdomo mwingine, akanywa. Alikunywa macho wazi, bila haraka, kama mtu anayeelewa. Tone moja likamshuka kidevuni, hakulifuta.

Hakuna aliyemgusa mwenzake. Shibiri zote za Tuba zilikuwa pale pale, hakuna hata moja iliyopungua.

Mahasti alinong'ona kwamba inatosha. Mshika kamera akashusha pumzi aliyokuwa amekaa nayo sijui tangu lini, akasema mwanga ulitetemeka kidogo mwishoni, labda warudie. Watu wote walikuwa wamegeuka kumtazama Tuba, na Tuba alikuwa amekwisha kuinuka, anaelekea jikoni, mgongo umenyooka.

Mke wa mwoka mikate akageuza kikombe chake juu chini. "Mimi nilikuja kuazima chumvi tu," akasema, "lakini naona hapa mnagawa asali."

Nilimfuata Tuba. Si umbea, jambo lilikuwa limehamia jikoni. Nilimkuta amesimama mbele ya sinki, maji yanatiririka, mikono yake haimo ndani ya maji. Niliyafunga. Angesema neno moja, onyesho lile lingefutwa, filamu ingebaki bubu, na Yekta angerudi kuchambua mboga. Asiposema, mji mzima siku moja utakaa kwenye viti vya sinema kumtazama binti yake akinywa.

Yekta akaingia. Alikuwa bado na tone lake kidevuni, limekauka.

"Mama, hakunigusa."

"Najua. Siku zote hizi nilikuwa naangalia mikono."

"Ukisema ifutwe, itafutwa. Bi Mahasti ameapa. Sitanuna."

Tuba alimgeukia. "Iliandikwa ukatae mara mbili."

"Ndiyo."

"Mbona hukukataa?"

Yekta alifikiri. Hakuonekana mwenye hofu, na nadhani hilo ndilo lililomshangaza mama yake zaidi. "Yule msichana wa kwenye filamu amekataa kila kitu tangu mwanzo, mama. Chai amekataa, peremende amekataa, hata salamu. Nikaona akikataa na hapo atakuwa anadanganya."

"Yule msichana wa kwenye filamu."

"Ndiyo."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa na kiu," Yekta akasema, na uso wake ule usioweza kuficha bei ya vitunguu, safari hii, ukaficha.

Tuba alimtazama namna mtu anavyolitazama vazi aliloshona mwenyewe likipita barabarani mwilini mwa mtu asiyemjua. Mkono wake ukainuka kwenda kulifuta lile tone kwenye kidevu cha binti yake, ukafika katikati, ukarudi. Kisha, bila kunitazama, akaniuliza mimi.

"Esmat. Lile la Nosrat, lilikuwa la moto?"

Sikuhitaji kuuliza lipi. Nosrat ndiye mumewe, muuza vipuri vya pampu, mtu mwema anayetumia maneno kama aliyeyakopa. Mwaka waliochumbiana, familia yake ilikuja na sinia ya matunda ya Yalda, wakamketisha upande mmoja wa chumba na Tuba upande wa pili, na shangazi wote wa mji katikati. Jioni nzima Nosrat hakusema neno. Alikuwa na komamanga mkononi, analikanda tu, hadi shangazi mmoja akauliza kama kijana ana ugonjwa wa mishipa. Mwishowe alilitoboa, akanywa kidogo, akanipa mimi niliyekuwa jirani yake, akainua kidevu kuelekea kule. Nikalibeba kupita mbele ya mashangazi wote. Wote waliliona, wote wakaendelea kutafuna tikiti maji.

"La moto kama mkate," nikamwambia.

"Mimi nilikumbuka utamu tu." Alisema polepole. "Nilisahau kwamba lilikuwa la moto."

Watu wananiuliza hadi leo kama Tuba alikosea siku ile alipotoa ushauri wake, au kama mdomo wake ulikumbuka kitu ambacho kichwa kilikuwa kimekifungia kabatini. Nina majibu ya maswali mengi ya mtaa huu. La hilo sina.

Alitoka jikoni mbele yetu, akasimama katikati ya zulia langu. Mahasti alikuwa amesimama pia, mikono imeshikana mbele, uso hauna damu.

"Haifutwi," Tuba akasema. "Na hairudiwi. Mwanga ukitetemeka na utetemeke, nani asingetetemeka?"

Mahasti akaweka kiganja kifuani. Kiarash, maskini, alikuwa anaitazama mikono yake myekundu kama aliyekutwa na ushahidi. Tuba akamwambia akanawe. Kisha akamgeukia mke wa mwoka mikate, akamwonyesha jikoni kwa adabu yote. "Chumvi iko rafu ya chini, dada, chukua ya kukutosha. Na ile posa msiningoje mimi tena, muulizeni Yekta mwenyewe. Mdomo anao. Mmeuona wote."

Mama yule aliondoka bila chumvi. Sijasikia kwamba chakula cha kwao kimekosa ladha.

Jioni ilipoingia, watu wa filamu walikunja nyaya zao wakaenda kula, Yekta pamoja nao, katikati ya wanawake wa mavazi, akicheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Waliacha korsi yao pale sebuleni, mfarishi juu yake, na sinia ya makomamanga yaliyobaki. Nosrat akaja kumchukua mkewe. Kila siku husimama langoni akakohoa, na Tuba hutoka. Siku ile alikohoa, Tuba akamwambia aingie.

Akaingia, akavua viatu, akaketi kwenye korsi kwa tahadhari, kama mtu aliyekalishwa kwenye kiti cha wenyewe. Aliuliza mambo yalikwendaje. Tuba akasema yalikwenda. Akauliza kama wamemaliza. Tuba akasema kuna kitu kimebaki. Akampa chai, akaketi upande wa pili, akaingiza miguu chini ya mfarishi.

Nosrat, kwa kukosa la kufanya, akachukua komamanga moja kwenye sinia, akaligeuza, akatazama huku na huku.

"Kisu kiko wapi?"

Kisu kilikuwa mbele yangu, juu ya sinia, kinang'aa. Tuba alikitazama, kisha akanitazama mimi.

"Kisu wameondoka nacho watu wa filamu," akasema.

Nilikivuta taratibu, nikakikalia.

Nosrat alilishika lile komamanga. Alimtazama mkewe, ambaye hakuwa anatazama uso wake bali mikono yake, na nikaona kitu kinapanda polepole kwenye shingo ya yule mzee, chekundu, hadi masikioni. Akaweka kikombe chake chini. Vidole gumba vyake, vyenye mafuta ya pampu kwenye mikunjo ambayo sabuni ya miaka yote hii haijayafikia, vikaanza kwenda na kurudi.

Mimi nikainuka, na kisu changu nyuma ya mtandio, nikasema nina kitu jikoni kinaungua. Hakuna aliyeniuliza ni nini. Nikarudisha mlango nyuma yangu, na jiko langu lilikuwa baridi, halina hata sufuria, nami nikasimama mbele yake nikisikiliza punje ya kwanza.